Barua ya wazi kwa wasimamizi wa makao ya wazee: usiku tunalipia nini?

Kwa Mkurugenzi na wanabodi wote wa makao wanamoishi wazazi wetu, Nakuru

Nakala: Afisa wa Maendeleo ya Jamii na Afisa wa Afya ya Umma wa eneo

KUH: ADA INAYOPANDA NA HUDUMA INAYOSHUKA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu, za ndugu zangu, na za familia nyingine ambazo wazazi wao wanalala chini ya paa moja na mama yetu.

Huenda mkauliza kwa nini barua hii inasomwa na kila mtu badala ya kuletwa ofisini. Ililetwa. Meneja aliipokea, akaigonga muhuri, na habari zake zikaishia hapo. Tukaambiwa tuandike barua pepe, tukaandika. Tulipoinua mikono kwenye mkutano wa familia, tuliambiwa kwamba mambo ya mtu mmoja yazungumzwe faraghani. Tukaenda faraghani, tukaambiwa kwamba hiyo ni sera ya makao, inawahusu wote, na haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Sasa tunaandika mbele ya wote.

Jina la makao yenu sikulitaja. Ninyi mnajijua, na wazee wetu bado wamo humo. Sitaki hata mmoja wao alipie hasira itakayotokana na barua yangu. Mama mwenyewe ameniruhusu kuandika yanayomhusu. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto, lakini akili yake ni timamu. Alifundisha shule za msingi hapa Nakuru hadi alipostaafu, na mpaka leo ukikosea hesabu atakurekebisha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wahudumu wenu wa zamu ya mchana ni watu wa heshima. Ua linafagiwa, mashuka hufuliwa, na baridi ya Julai ilipompa mama homa ya mapafu mlimkimbiza hospitali kabla hata hatujapigiwa simu. Hatujasahau. Malalamiko yetu yanaanzia pale jua linapozama.

Mama aliingia kwenu mwaka 2022, na ada ilikuwa shilingi 42,000 kwa mwezi. Leo ni 65,000, na hiyo ni kabla ya yale mnayoyaita ya ziada. Bili yetu ya mwisho ilikuwa na nepi 9,600, huduma ya vidonda 7,500 na usimamizi wa dawa 3,000, jumla 85,100. Dawa zenyewe tunanunua sisi. Kwa anayetaka kipimo: fedha za Inua Jamii ambazo serikali humpa mzee wa miaka 70 na zaidi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa ada yenu, hazimlazi mzee hata siku moja. Sisi huchanga watoto wanne, na mmoja wetu ameuza ng'ombe wa maziwa wawili ili mchango wake usikatike. Siandiki hivyo tuonewe huruma. Nataka mjue kila shilingi inayofika kwenu imetoka wapi, kwa sababu tunataka kujua inakokwenda.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Usiku mhudumu ni mmoja.

Mama alipoingia, zamu ya usiku ilikuwa na wahudumu wawili na muuguzi. Sasa ni mhudumu mmoja kwa wazee 19, katika majengo mawili, na muuguzi ni wa kupigiwa simu. Hatukuambiwa lini jambo hili lilibadilika. Tulilijua kwa wazee wenyewe.

Naomba tupige hesabu pamoja. Kati ya hao 19, sita hawawezi kujigeuza kitandani. Mtu wa namna hiyo hutakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama iliyo kati ya godoro na mfupa hukosa damu na kuanza kufa. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni mara sita kwa kila mmoja, yaani mara 36 kwa usiku. Tuseme kila mara ni dakika kumi: umfikie, umgeuze, umwekee mto, umfunike. Hizo ni saa sita kamili. Na kumgeuza mtu mzima aliyepooza bila kumburuta ni kazi ya watu wawili. Bado hatujamfikia anayetaka maji, anayetaka choo, wala yule mzee anayeamka saa 8 za usiku akitafuta lango ili aende kukamua ng'ombe. Binti mnayemwachia kazi hiyo si mvivu. Mmempa kazi isiyowezekana, kisha asubuhi mnamwuliza kwa nini haikufanyika.

Nimeliweka la kwanza kwa makusudi. Karibu yote yanayofuata yanazaliwa hapa, na kila linalozaliwa mnalitoza peke yake.

2. Nepi.

Mama hakuingia kwenu akivaa nepi. Alikuwa akisaidiwa kukaa kwenye kiti cha choo kando ya kitanda, mchana na usiku. Sasa anavalishwa tangu jioni, na anapoita usiku huambiwa, "Jisaidie humo humo, si umevaa?" Mwanamke aliyefundisha watoto wa wenzake kunawa mikono anaambiwa hivyo akiwa na miaka 78, na akili zake zote.

Bili inasema nepi nne kwa siku, shilingi 80 kila moja. Jumapili moja dada yangu alimbadilisha mama mwenyewe, saa 11 jioni, akachukua kalamu na kuandika saa na tarehe kwenye ule ukanda wa kubandika, pembeni. Kesho yake alirudi saa 3 asubuhi na kufunua shuka. Mwandiko wake ulikuwa pale pale. Nepi ilikuwa imelegea kwa uzito, imetengeneza mstari mwekundu kwenye paja. Saa 16. Katika daftari lenu usiku huo ulikuwa na nepi mbili, na sahihi. Meneja alipoonyeshwa picha alisema huenda kulikuwa na "hitilafu ya kuandika". Tukauliza kama hitilafu hiyo itapunguzwa kwenye bili. Haikupunguzwa.

3. Vidonda.

Mtu asiyegeuzwa, tena amelala kwenye unyevu, hupata vidonda vya kulalia. Mama anacho kimoja kwenye kisigino cha kushoto na kingine juu kidogo ya makalio, pale penye mfupa. Hiki cha pili kilianza kama wekundu usiofutika ukiubonyeza kwa kidole. Hapo ndipo kingeweza kuzuiwa, kwa kumgeuza tu na kumweka mkavu. Hatukuambiwa. Tulikiona kikiwa tayari kimefunguka, na mwezi uleule bili ikaja na mstari mpya: huduma ya vidonda, 7,500.

Naomba kila mwanabodi ausome mstari huo polepole. Kidonda kimepatikana kitandani kwenu kwa sababu mmepunguza watu, na kukisafisha tunatozwa sisi. Ningependa kujua ni nani aliyekaa mezani akaona hiyo ni sawa.

Ibara ya 57 ya Katiba inasema wazee wana haki ya kuishi kwa utu na heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia zao na Serikali. Mimi si wakili. Lakini kumwacha mtu kwenye mkojo kwa saa 16 sijui kunaitwaje kama si dhuluma.

4. Chakula cha jioni.

Huletwa saa 11 jioni, na baada ya hapo hakuna kitu hadi chai ya saa 2 asubuhi. Saa 15 bila kula. Mzee gani hula chakula cha jioni jua likiwa bado linawaka Menengai? Sababu tunaijua: zamu ya mchana hutoka saa 12, na anayebaki hawezi kulisha watu 19 peke yake. Ratiba ya matumbo ya wazee imepangwa kufuata ratiba ya mishahara.

Wapo humo wenye kisukari. Dawa kama glibenclamide hushusha sukari, na hatari ya kushuka kupita kiasi ni kubwa zaidi kwa wazee, hasa wakikaa muda mrefu bila kula. Alfajiri moja mzee wa chumba cha jirani alikutwa akitetemeka, jasho jembamba limemtoka, maneno hayaeleweki. Aliyeita msaada ni mama, kwa kugonga kikombe kwenye chuma cha kitanda. Mhudumu alikuwa jengo la pili.

Na githeri kwa watu wasio na meno, jamani. Pondeni basi. Viazi na ndizi Nakuru hii havijawahi kuwa adimu.

5. Ada kupanda bila maelezo.

Mkataba tuliotia sahihi unasema ada "inaweza kubadilishwa wakati wowote". Mara ya mwisho taarifa ilikuja kwa ujumbe wa simu tarehe 27, ada mpya ianze tarehe mosi. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo, na inawahusu watu binafsi wanaouza huduma sawa na taasisi za umma. Tumeuliza zile 23,000 zilizoongezeka zinanunua nini ambacho hakikuwepo mwaka 2022. Tumeonyeshwa lango jipya.

Tena malipo ya "ya ziada" huombwa yatumwe kwa namba ya simu ya mtu, si kwa namba ya malipo ya makao, na risiti ni karatasi ya daftari. Biashara ya kiwango chenu haikosi risiti ya kodi.

6. Faili na ziara.

Tunakatazwa kusoma faili la mama kwa madai ya siri za mgonjwa, ingawa mgonjwa mwenyewe ndiye anayeliomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake. Kuhusu ziara, sharti la kupiga simu siku mbili kabla linatufanya tujiulize ni nini kinachohitaji siku mbili kutayarishwa.

7. Familia moja ilimpoteza mzee wao mwanzoni mwa mwezi. Walitozwa mwezi mzima, amana haijarudi, na mablanketi yake waliyakuta kwenye kitanda cha mtu mwingine. Nimewaahidi kuliandika, nami nimeliandika.

Najua majibu yenu, maana mengine tumeshapewa.

Mtasema gharama za maisha zimepanda. Ni kweli, nasi tunanunua unga kwenye maduka yaleyale. Tunajua pia kwamba mwajiri sasa hulipa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ushuru wa nyumba, na kwamba michango ya NSSF imekuwa ikipanda tangu 2023. Lakini gharama hizo hufuata idadi ya wafanyakazi. Aliyepunguza wafanyakazi huku akipandisha ada hawezi kuzitaja kama sababu ya yote mawili.

Mtasema wahudumu hawapatikani, kila mwenye cheti anakimbilia Saudia au Ujerumani. Hilo nalo lina ukweli. Tangu makubaliano ya kazi kati ya Kenya na Ujerumani yatiwe sahihi Berlin Septemba 2024, vijana wengi wanajifunza Kijerumani. Lakini wawili walioacha kazi kwenu tunawajua. Hawajapanda ndege. Mmoja anauza mitumba, na anasema inamlipa kuliko mlivyomlipa ninyi. Tuambieni mshahara wa zamu ya usiku ni kiasi gani, kisha tuzungumze habari ya uhaba.

Mtasema wazee husahau, hula wakasema hawajala. Wapo wanaosahau, na tunawavumilia kama ninyi. Mwandiko wa dada yangu kwenye nepi haukusahau chochote.

Mtasema zipo familia zinazowaleta wazazi na kutoonekana tena hadi mazishi. Hapa siwezi kubishana, nimewaona wazee hao Jumapili wakitazama mlango kila unapofunguliwa. Inauma. Ila asiye na wa kumtembelea ndiye anayehitaji zaidi mhudumu wa pili usiku, maana hana dada wa kuandika kwenye nepi yake.

Na mtasema lile la mwisho, ambalo meneja alilisema akitabasamu: "Kama hamridhiki, mnaweza kumchukua." Waheshimiwa, mnajua vizuri kwamba familia ikifika kwenu imeshajaribu mengine yote. Sisi tulijaribu nyumbani. Tuliajiri wasichana wa kumtunza, wakaja na kuondoka; shemeji yangu aliumia mgongo kwa kumwinua; mjomba aliyeko Kakamega hakusema nasi kwa muda mrefu kwa kuwa, kwake, kumleta mama kwenu ni kumtupa. Tulibeba aibu hiyo kwa sababu mlituahidi muuguzi usiku na mchana. Limeandikwa kwenye kipeperushi chenu, ukurasa wa mbele, chini ya picha ya mzee anayecheka. Kumhamisha mtu aliyepooza mwenye vidonda si sawa na kubadilisha duka la mboga, na mnaposema "mchukueni" mnajua hilo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Hatuombi ada ishuke. Tukiona inanunua nini, tutaendelea kuilipa, hata kwa taabu.

Kwanza na kabla ya yote, usiku kuwe na wahudumu wawili katika kila jengo na muuguzi mmoja aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, aliyeko ndani, si kwenye simu. Orodha ya zamu ibandikwe ukutani tuione. Hili likifanyika, nusu ya barua hii itakuwa haina kazi.

Kila mzee asiyejigeuza awe na chati kando ya kitanda, ijazwe saa ileile anapogeuzwa au kubadilishwa, na familia iwe huru kuipiga picha. Anayeweza kutumia kiti cha choo apewe kiti cha choo. Chakula cha jioni kisiletwe kabla ya saa 1 usiku, na wenye kisukari wapewe kitu kabla ya kulala, hata kama ni kikombe cha uji.

Tozo la vidonda liondolewe kwa kila mzee aliyepata vidonda akiwa mikononi mwenu, na yaliyokwisha kulipwa yarudishwe. Nepi tutanunua wenyewe, tutaleta zikiwa zimehesabiwa, na zilizobaki tutazihesabu pia.

Ada isipande bila notisi ya maandishi ya siku 60 yenye mchanganuo: chakula kiasi gani, mishahara kiasi gani, kodi ya nyumba kiasi gani. Malipo yote yaende kwenye akaunti ya makao. Anayefariki, familia yake itozwe siku alizoishi na amana irudi. Sharti la siku mbili za ziara lifutwe. Tutajiandikisha langoni kama wageni wengine.

Kwa maafisa niliowanakilia: tunaomba mje kukagua usiku, bila kutoa taarifa, na matokeo ya ukaguzi yabandikwe langoni ambapo kila anayeleta mzazi wake atayasoma. Ukaguzi wa saa 4 asubuhi utawapa picha nzuri sana ya ua lililofagiwa.

Tunatarajia majibu ya maandishi kufikia mwisho wa mwezi ujao, yaelekezwe kwa familia zote kwa pamoja. Msitupigie simu mmoja mmoja. Yakija, tutayachapisha mahali palepale palipochapishwa barua hii, yakiwa mazuri au mabaya. Yasipokuja, malalamiko rasmi yatapelekwa kwa Idara ya Serikali inayosimamia Ulinzi wa Jamii na Masuala ya Wazee na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, pamoja na picha, bili na nakala ya kipeperushi.

Mama ameisoma barua hii kabla yenu. Amerekebisha hesabu mahali pamoja, na ameomba niongeze kwamba binti wa zamu ya usiku asifukuzwe kazi kwa sababu yake.

Wenu mtiifu,

Mtoto wa mmoja wa wazee wenu,
kwa niaba ya familia zilizokubaliana na barua hii
Nakuru